Kabla hujafuta makovu ya chunusi, shika sikio lako

Shika ndewe ya sikio. Ulipotobolewa, kidonda kilipona kikaisha, au kiliota kinundu kigumu kinachowasha? Kama kiliota, au mama na dada zako wanavyo, mwambie daktari mapema kabisa. Matibabu ya makovu, yaani leza, asidi na visindano (kimashine cha sindano ndogo kinachotoboatoboa ngozi), yote huijeruhi ngozi makusudi ili ijijenge upya, na ngozi yenye keloidi, yaani vinundu hivyo, hujijenga kupita kiasi.

Mimi sina keloidi, ila niliungua. Mwaka juzi nilipakwa asidi saluni bila kuulizwa swali hata moja. Nikasema inachoma, nikaambiwa vumilia. Siku ya nne shavu la kushoto lilikuwa na baka jeusi kama alama ya pasi. Lilififia baada ya miezi 14, na vishimo vilibaki pale pale. Ngozi yetu nyeusi ikiungua humwaga rangi; leza kali inaweza kukuachia madoa mabaya kuliko makovu yenyewe.

Kwa hiyo nenda kwa daktari wa ngozi, si saluni. Subiri chunusi zitulie kwanza. Mkorogo acha kabisa, na umwambie daktari uliutumia. Mtajie pia vidonge vya chunusi vya isotretinoini, ujauzito, na malengelenge ya mdomo kama huwa yanakutoka, maana yanaweza kusambaa uso mzima. Kuna dawa ya kuyazuia. Omba ajaribu sehemu ndogo chini ya taya, kisha msubiri wiki nne muone rangi.

Mimi nilifanya visindano, ambavyo kwa weusi wetu vina hatari ndogo ya madoa. Hakikisha sindano mpya inafunguliwa mbele yako. Nilipakwa ganzi dakika 45, halafu kikaanza kile kimashine kinachovuma. Kwenye mfupa wa shavu ndiko kulikouma, na vitone vya damu vikatoka kama jasho. Usiku nililala chali. Siku ya tatu ngozi ilibanduka kama ganda la kitunguu, nikaiacha ijitoe yenyewe. Mafuta ya mgando asubuhi na jioni. Ngozi ilipofunga, losheni ya jua ya SPF 30 na kofia, hata safari ya bajaji ya dakika kumi.

Nilirudia mara nne, kila baada ya wiki sita. Mabonde mapana yamejaa kiasi. Vile vishimo vyembamba vya kina bado vipo.

Ukiona usaha, au uvimbe unaozidi baada ya siku ya tatu, rudi kwa daktari siku hiyo hiyo.