Chawa-jani wa mahindi: mtazame mguu wa nyuma kabla ya kushika pampu

Mahindi ya msimu A (unaoanza na mvua ya Septemba) yakifika magotini, pale Kabare au Walungu, Kivu Kusini, ukipita kati ya mistari utaona vidudu vidogo vikiruka huku na huku. Wengi hukimbilia pampu ya dawa, wakidhani wote ni chawa-jani wanaoeneza ugonjwa wa milia. Kamata kwanza kimoja, ukitie ndani ya kichupa cha kioo, ukitazame kwa kioo cha kukuzia.

Anza na mguu wa nyuma. Chawa-jani (leafhopper kwa Kiingereza) ana safu za miiba midogo kwa urefu wa muundi wote, imepangwa kama meno ya kitana. Ukikuta badala yake kichokoo kimoja kikubwa kinachochezacheza mwishoni mwa muundi, huyo ni wa ukoo mwingine. Peregrinus maidis ni mmoja wao, naye hukaa kwenye mahindi na hubeba magonjwa yake mwenyewe. Ndiyo maana watu hubishana shambani: mmoja ameshika huyu, mwenzake ameshika yule.

Kisha kichwa. Mdomo ni mrija uliokunjwa chini, wa kufyonza utomvu. Cicadulina mbila, chawa-jani anayeeneza milia, ugonjwa wa virusi unaotia mistari kwenye majani, ana urefu wa milimita 3 hivi, rangi ya manjano, na madoa mawili meusi ya mviringo mbele ya kichwa, kati ya macho. Ila usiamini rangi kupita kiasi. Ndugu zake wa jenasi (kundi la spishi za karibu) ya Cicadulina wanafanana naye mno, na si yeye peke yake anayeambukiza.

Jibu la hakika liko kwenye ncha ya tumbo la dume. Mtaalamu huikata, huiloweka katika dawa ya potasi mpaka nyama iyeyuke, zikabaki sehemu ngumu za uzazi. Umbo la sehemu hizo hutofautiana spishi kwa spishi. Jike peke yake mara nyingi hatoshi.

Ndivyo alivyojulikana chawa-jani Phlogis kibalensis wa msitu wa Kibale, magharibi mwa Uganda, jirani zetu. Alvin Helden wa Chuo Kikuu cha Anglia Ruskin alimkusanya mwaka 2018, na mwaka 2022 akatangazwa kuwa spishi mpya: mwili unaong'aa kama chuma na wenye vishimo vidogo, na viungo vya dume vyenye sehemu iliyo na umbo la jani. Jenasi ya Phlogis ilikuwa haijaonekana tangu 1969, huko Jamhuri ya Afrika ya Kati. Huyo ni wa msituni, mahindi yako hayamhusu, lakini anaonyesha kwamba huku kwetu bado kuna wadudu wasio na jina.

Ukipata usiyemfahamu, kusanya wengi ili madume wawemo. Watie katika alkoli ya famasi ya asilimia 70 au zaidi. Kanyanga, pombe kali ya kienyeji, waachie wanywaji, maana nguvu yake haina kipimo. Tia ndani karatasi iliyoandikwa kwa penseli (wino huyeyuka): kijiji, tarehe, mmea uliomkuta juu yake. Peleka kwa watafiti wa kituo cha Lwiro, Kabare, au kitivo cha kilimo mjini Bukavu.

Shambani kwenyewe, milia huanza kama vidoa vyeupe kwenye sehemu ya shinani ya majani machanga, kisha huwa mistari iliyokatikakatika kufuata mishipa. Mmea ulioambukizwa mchanga ndio unaopata hasara kubwa. Mbegu haibebi virusi. Mdudu akishavipata, hukaa navyo maisha yake yote, na huvichukua kwenye nyasi za porini na mahindi ya zamani. Kwa hiyo panda mapema, pamoja na majirani, na chagua mbegu inayostahimili milia. Usipande mahindi machanga ubavuni mwa yaliyokomaa, hasa mahindi ya mabondeni ya kiangazi, kwa sababu huko ndiko wadudu wanakosubiri mvua ya Septemba. Kama una kipande kimoja tu cha shamba bondeni, weka maharage humo msimu C (wa kiangazi) na mahindi uyapeleke mlimani.