Jinsi ya kutengeneza filamu fupi ya kuchekesha inayoziigiza filamu za kutisha za zamani

Mwaka 1925 mchekeshaji Stan Laurel aliigiza katika Dr. Pyckle and Mr. Pryde, filamu fupi isiyo na sauti inayoikejeli hadithi ya Dr. Jekyll na Mr. Hyde, ya daktari anayekunywa dawa na kugeuka mtu mwovu. Anakunywa dawa, anageuka jitu baya, anaingia mtaani kufanya uovu. Uovu wenyewe ni kumpokonya mtoto aiskrimu na kupasua mfuko wa karatasi nyuma ya mwanamke anayepita. Taa, mavazi na uso vinatisha kweli. Kilichopunguzwa ni kosa tu. Fuata njia hiyo hiyo: tisha kwa dhati, kisha haribu kitu kimoja. Ukichekesha uso, muziki na mavazi kwa pamoja, mtazamaji hapati cha kuogopa, na kicheko kinakosa pa kutokea.

Lenga dakika 5. Waigizaji 2 au 3, chumba kimoja, kitu kimoja cha kutisha kinachorudi mara tatu: mara ya kwanza kinatisha, mara ya pili kinaeleweka vibaya, mara ya tatu kinamgeukia aliyekuwa anakitumia. Rekodi kwa simu, kwa umbo la 4:3 (upana sehemu 4, kimo sehemu 3) na fremu 24 kwa sekunde.

Kivuli ukutani

Tumia taa moja ndogo isiyo na kitambaa wala karatasi mbele yake. Tochi ya simu ya pili inatosha. Taa pana hutoa kivuli chenye kingo zilizofifia. Kujua ukubwa wa kivuli, gawanya umbali kutoka taa hadi ukutani kwa umbali kutoka taa hadi kwenye kitu. Taa ikiwa mita 3 kutoka ukutani na mkono uko mita 1 kutoka kwenye taa, kivuli cha mkono ni mara 3. Mtu mzima asizidi mara moja na nusu, yaani asimame mita 2 kutoka kwenye taa, la sivyo kichwa kitapita dari. Zima taa nyingine zote na ziba dirisha, kwa sababu mwanga kidogo tu unaoingia hugeuza weusi kuwa kijivu.

Sasa mzaha. Kucha ndefu zinapanda ukutani taratibu kwa sekunde 6 hadi 8, mlango unafunguka, anaingia bibi mfupi ameshika reki. Bibi asijaribu kuchekesha hata kidogo. Aegemeze reki, aombe kuazima ndoo, basi.

Uso unaobadilika mbele ya kamera

Hapa ndipo pa kutumia muda wako mwingi. Filamu ya Dr. Jekyll and Mr. Hyde ya mwaka 1931, iliyoongozwa na Rouben Mamoulian, ilionyesha uso ukiharibika bila picha kukatwa. Vipodozi vya rangi vilipakwa tangu mwanzo, na vichujio vya rangi ndivyo vilivyovificha na kuvifichua, kwa kuwa filamu ya nyeusi na nyeupe haionyeshi rangi yenyewe. Leo taa ya LED inayobadilika rangi inafanya kazi hiyo.

Chora kwa penseli nyekundu ya vipodozi mikunjo ya paji la uso, duara chini ya macho na mistari ya mashavu. Weka kamera kwenye stendi, funga mwanga, fokasi na rangi ili simu isijirekebishe yenyewe. Washa taa nyekundu tupu: mistari inapotea. Geuza taa polepole kuwa kijani kwa sekunde 4 hadi 6: mistari inakuwa myeusi. Kwenye ngozi nyeusi sana nyekundu haijitokezi vizuri. Chora kwa buluu nyepesi na maliza kwa taa ya buluu, nayo mistari itang'aa kama mifupa. Jaribu kwanza shavuni, maana vipodozi hutofautiana.

Mistari ikionekana tangu mwanzo, kuna mwanga mweupe unaovuja mahali fulani. Uso ukiongezeka mwangaza ghafla katikati, punguza nguvu ya taa ya kijani, kwa sababu picha ikigeuzwa nyeusi na nyeupe kijani huhesabiwa zaidi kuliko nyekundu. Rekodi kwa rangi, kisha ondoa rangi wakati wa kuhariri, ukiongeza nguvu ya nyekundu katika kipande hiki peke yake.

Mzaha wake: jitu jipya linajitazama kwenye kioo, linachukua kitana, linaendelea kujichana palepale mtu huyo alipoachia kabla ya kugeuka.

Mwendo, maandishi na kukata

Ongeza mwendo kwenye kufukuzana tu, asilimia 125 hadi 135. Mwendo wa haraka kila mahali unaua utisho, na hilo ndilo kosa linaloharibu kazi nyingi za aina hii. Picha ikipepesa, muda wa shata (muda ambao kamera inapokea mwanga kwa kila fremu) haulingani na umeme: tumia sekunde 1/50 palipo na umeme wa Hertz 50, 1/60 palipo na Hertz 60.

Vibao vya maandishi viwe na herufi nyeupe juu ya weusi, maneno 12 au pungufu, na vikae muda wa kuyasoma mara mbili bila haraka. Kisiwekwe kibao kinachotangulia kueleza kichekesho.

Mwigizaji anapoliona jitu, aligeukie, arudi kwenye kazi yake kwa sekunde moja hivi, ndipo shingo irudi kwa kishindo. Wengi hukata picha hapo. Acha uso uendelee sekunde 2 zaidi, jitu likiwa bado limesimama nyuma yake, ndipo ukate.