Usisuuze Vitunguu kwa Maji Kabla ya Kuvuna

Wakulima wa vitunguu wa Ruai, Kamulu, Njiru na Utawala, huku mashariki ya Nairobi, someni haya kabla hamjampigia simu mwenye boza la maji. Kuna mtindo umeenea miongoni mwa wanaolima bila mbolea za kemikali. Zikisalia wiki mbili wavune, wanafurikisha shamba kwa maji matupu siku tatu au nne mfululizo, ati wanasuuza samadi itoke kwenye kitunguu ili kiwe kisafi na kitamu. Wanachovuna ni kitunguu chenye shingo nene, mbichi, kinachoanza kuoza kikiwa bado kwenye neti. Mnanunua maji ili muozeshe mali yenu wenyewe. Tafadhali, acheni.

Mtindo wenyewe haukuzaliwa kwenye shamba la vitunguu. Umetoka kwa watu wanaolima ndani ya majumba, kwenye makapi ya nazi au kwenye maji yaliyotiwa chumvi za mbolea, hasa wakulima wa bangi wa nchi kama Canada, iliyohalalisha zao hilo mwaka 2018. Hapa Kenya bangi ni haramu kwa sheria ya dawa za kulevya ya mwaka 1994, na hakuna afisa wa kilimo atakayekufundisha kuilima. Ila video za wakulima hao zinazunguka kwenye simu, na vijana wamezichukua wakazihamishia kwenye vitunguu na dhania. Kwenye makapi ya nazi, chumvi ya mbolea imeyeyuka na inaelea majini, kwa hiyo ukimwaga maji mengi itatoka na maji. Hata huko, kinachotoka ni kile kilichobaki kwenye makapi. Chakula kilichokwisha kuingia kwenye mmea hakirudi nje kwa sababu umemwagia mizizi maji.

Samadi na mboji ni habari nyingine kabisa. Naitrojeni iliyomo imefungwa ndani ya mabaki ya mimea na kinyesi, na inaachiliwa kidogo kidogo na bakteria na kuvu wanaokula mabaki hayo. Huwezi kuisuuza ikaisha. Mwaka 1958 mtafiti wa udongo H. F. Birch, aliyekuwa akifanya kazi hapa jirani Muguga, alichapisha utafiti uliojulikana dunia nzima: udongo uliokauka ukiloweshwa ghafla, vijidudu vyake huamka kwa nguvu, huozesha mboji kwa kasi na kuachilia naitrojeni nyingi kwa muda mfupi. Sasa fikiria shamba lako. Umeliacha likauke kidogo kwa sababu maji ya mfereji yamekatika, kisha boza limekuja ukalifurikisha shamba. Unadhani umeondoa mbolea, kumbe umekipa kitunguu dozi mpya ya naitrojeni wakati ambapo kilikuwa kinajiandaa kulala. Kinaamka. Kinatoa jani jipya katikati, shingo inabaki wazi, na maganda ya nje yanapasuka kwa sababu tumbo limevimba ghafla.

Hiyo shingo ndiyo mlango wa uozo. Kitunguu kilichokomaa vizuri hujifunga chenyewe: majani yanalegea, yanaanguka, shingo inanywea na kukauka mpaka inabana kabisa. Ikibaki mbichi, kuvu wa kuoza shingo na bakteria wa uozo laini huingia hapo na kushuka ndani tabaka kwa tabaka. Kwa nje huoni kitu. Ukikikata unakuta tabaka mbili za katikati zimekuwa kahawia na zinateleza, harufu inakufukuza. Mkulima anayetumia dawa angalau ana cha kujaribu. Wewe unayelima kwa njia ya asili kinga yako ni moja tu, ukavu, na ndiyo hiyo unayoitupa.

Wenzetu wa mashariki ya jiji mna sababu ya ziada ya kusikia. Udongo wenu ni ule mweusi wa mfinyanzi unaopasuka wakati wa kiangazi. Ukishashiba maji hauyaachi upesi kama udongo mwekundu wa Dagoretti au Kabete. Maji uliyomwaga Jumatatu bado yapo kwenye mizizi wiki inayofuata, na mizizi ya kitunguu ni mifupi, mingi iko kwenye sentimita 30 za juu. Inakaa imezama bila hewa.

Sasa vipimo, na hapa naomba msiniletee habari za kukadiria kwa macho. Lita 1 juu ya mita 1 ya mraba ni milimita 1 ya maji. Kitunguu kinapojaza tumbo kinahitaji takriban milimita 25 kwa wiki, mvua ikiwemo, ukizigawa mara mbili au tatu. Ukiwa na ploti ya futi 50 kwa 100 na sehemu ya vitunguu ni mita 200 za mraba, hizo ni lita 5,000 kwa wiki, nusu ya boza la lita 10,000. Anayesuuza humwaga mara tatu ya hapo. Lita 15,000, boza moja na nusu, pesa taslimu, kwenye zao ambalo wakati huo halitaki hata tone.

Chai ya samadi, yaani maji yaliyolowekwa samadi, na samadi ya kuongezea mwisho wake ni wiki ya sita baada ya kupandikiza. Si ya nane, si "nikipata nafasi". Ukitaka kitunguu kisicho na mbolea nyingi mwishoni, hapo ndipo unapoamua, kwa kuacha kuitia mapema. Maji ya dakika za mwisho hayafuti ulichokosea wiki ya tisa.

Kuanzia hapo hesabu majani yaliyolala. Ingia katikati ya shamba, uache mistari miwili ya pembeni kwa sababu hiyo hukomaa kabla ya wakati wake, kisha uhesabu mimea 100 kwenye mstari mmoja. Yakilala majani ya mimea 10, punguza maji yawe nusu. Yakilala 50, funga maji kabisa. Kwenye udongo mweusi usingoje 50, funga yakifika 30, maana udongo wenyewe bado una akiba. Ukishafunga umefunga. Usirudi siku ya nne kwa huruma kwa sababu majani yamekuwa manjano, manjano ndiyo tunayoitaka. Ngoja siku 10 hadi 14, mpaka majani ya mimea 80 kati ya 100 yawe yamelala, ndipo uvune. Na msikanyage majani wala kuyabingirishia pipa ili yalale haraka. Jani lililovunjwa ni kidonda kwenye shingo.

Kabla ya kung'oa, chimba sentimita 15 kando ya mmea, chukua udongo kiganjani uufinye. Ukishikamana na kuacha unyevu mkononi, ongeza siku. Kisha shika shingo kati ya kidole gumba na cha shahada: ikiwa bado inateleza kama bomba lenye maji ndani, kitunguu hicho hakijawa tayari, hata kama tumbo lake limejaa ngumi.

Wanunuzi wa Soko la Wakulima wanafanya jaribio hilohilo, tena kwa sekunde mbili. Anatia mkono kwenye neti, anabonyeza shingo tatu nne, kisha anakwambia, "Mama, hivi si vya kuweka, nipe bei ya kumaliza leo." Pembeni yake kuna vitunguu vya Mang'ola kutoka Tanzania vilivyosafiri mamia ya kilomita na bado vinaliza maganda ukivigusa. Hapo ndipo bei yako inapoporomoka, na si kosa la dalali.

Wapo wanaoniambia wanasuuza kwa sababu maji ya kisima chao yana chumvi. Hoja hiyo naiheshimu, kwa kuwa visima kadhaa vya upande huo kweli vina chumvi, na kitunguu ni miongoni mwa mazao yasiyovumilia chumvi: udongo ukipita desisimensi 1.2 kwa mita, kipimo cha chumvi cha maabara, mavuno yanaanza kushuka. Lakini chumvi huoshwa shamba likiwa tupu, kabla ya kupandikiza, kwa maji ya mvua au ya mfereji, na mifereji ya kutolea maji ikiwa imechimbwa. Kuiosha wakati kitunguu kimebakiza siku 14 ni kumtibu mgonjwa wakati wa mazishi. Pelekeni maji yakapimwe kabla msimu haujaanza.

Kuna na wale ninaowaambia bila kuzunguka: ulipulizia dawa iliyokatazwa kwenye kilimo cha asili, sasa unataka maji yakusafishie jina. Maji ya mizizini hayaondoi dawa iliyo kwenye jani au iliyoingia mmeani. Siku za kungoja zimeandikwa kwenye kibandiko cha chupa na zinahesabiwa kwa kalenda. Tena shamba hilo halistahili alama ya Kilimohai, ile ya mazao ya kilimo cha asili ya Afrika Mashariki. Mwambie mnunuzi ukweli, uuze kama kitunguu cha kawaida.

Ukishavuna, laza vitunguu kwenye mistari, majani ya mstari mmoja yafunike matumbo ya mstari mwingine, maana jua la Februari linababua. Siku 3 hadi 5 zatosha kama hakuna mvua. Kisha viingie kivulini penye upepo, juu ya chaga zilizoinuliwa, tabaka lisizidi sentimita 30, siku 10 hadi 14. Turubai la nailoni juu yake ni marufuku. Kata majani shingo ikishakauka, ukiacha sentimita 2 hadi 3. Anayekata ikiwa mbichi ili apakie haraka amefungua ule mlango upya kwa kisu.

Pangeni tarehe ili mvua isije ikawasuuzia bila kuombwa. Anayepandikiza mwisho wa Oktoba anavuna Februari, kabla ya mvua ndefu za Machi, na huo ndio msimu mzuri. Anayelenga Julai na Agosti ajue kuna baridi, mawingu na manyunyu, aongeze wiki nzima ya kukausha na awe na kibanda tayari kabla ya kung'oa kitunguu cha kwanza. Mvua ikikunyeshea shamba likiwa limeshalala, usihesabu upya siku 14. Fungua mifereji siku hiyohiyo, ngoja udongo uache kushikamana kiganjani, kisha ng'oa.

Kikiwa sawa, shingo inabana na ganda linachakacha kwa sauti ukilisugua.

Vyenye shingo nene havikosekani hata kwa mkulima hodari. Vitenge siku ya kung'oa, viuze wiki hiyohiyo kwa mama mboga wa karibu, na visiingie kwenye neti moja na vile vya kuweka.