Somo: Kuutambua mtandamboo bila kuuchanganya na msunguti

Kiangazi kikikaza kwenye vilima vya mawe, vichaka vichache tu hubaki vya kijani. Kimoja ni mtandamboo. Wamaasai huuita olamuriaki, Wakikuyu mukawa. Matunda yake ni matamu mno. Lakini palepale huota msunguti, ndugu yake wa familia moja, ambao Wakamba na Wagiriama waliutumia kupika sumu ya mishale. Kwa hiyo twende polepole.

Hatua ya 1: Majani. Yamekaa mawili mawili yakitazamana, magumu, yanang'aa, ncha imechongoka. Msunguti nao ni hivyo hivyo. Usiamue bado.

Hatua ya 2: Utomvu. Ukivunja kikonyo hutoka maziwa meupe. Wengi huishia hapa, na hapa ndipo wanapopotea, maana yote miwili ina maziwa. Nawa mikono.

Hatua ya 3: Miiba. Jibu liko hapa. Mtandamboo una miiba migumu iliyonyooka, mingine mirefu kama kidole, inayochomoza pale majani yanapoota. Msunguti hauna hata mmoja. Ila usitosheke na tawi moja: vichaka hivi husongamana, na tawi la msunguti huweza kupenya katikati ya mtandamboo. Lishike tawi lenye tunda, ulifuate mpaka shinani.

Hatua ya 4: Maua na matunda. Maua meupe yenye wekundu kwa nje na harufu nzuri. Matunda mekundu yanayoiva hadi zambarau nyeusi. Msunguti unafanana nao mno hapa pia, basi rudi kwenye miiba.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwalimu, nikiona mnyama anautafuna mti, si salama kwangu?
Si salama hata kidogo, ndugu yangu. Yuko panya mmoja mkubwa mwenye manyoya marefu, hutafuna gome la msunguti kisha akajipaka mate hayo ubavuni. Mbwa akimng'ata huweza kufa. Panya mwenyewe hadhuriki.

Mtandamboo unafaa kwa ua wa boma?
Sana. Ukishasongamana, mbuzi hapiti.

Mtoto wangu akila tunda nisilolijua, nifanyeje?
Dada, mkimbize hospitali papo hapo, usingoje dalili. Sumu ya msunguti hushambulia moyo. Beba na tawi lenye majani, daktari aone alichokula.