Somo: kava ya difu kwa gari la Pwani, kuichagua, kuipaka na kuifunga

Kabla hujatoa hela, lala chini ya gari uangalie mgongo wa difu ya nyuma, yaani lile tumbo la gia katikati ya ekseli. Ukiona bolti zimezunguka kava (kifuniko chake), endelea kusoma. Jeep Wrangler iko hivyo, Nissan Patrol Y60 na Y61 pia, na Land Rover 110 zenye difu ya Salisbury. Land Cruiser na Hilux nyingi difu hutolewa kwa mbele na mgongo umechomelewa. Hapo unachomea bamba la kinga, basi.

1. Kuchagua
Kava ya kiwandani ni bati. Jiwe likiibonyeza vya kutosha, inaenda kukutana na krauni, ile gia kubwa ya ndani. Aluminiamu ni nyepesi, lakini ikigongwa hupasuka badala ya kubonyea, na pale bolti za chuma zinapoigusa, chumvi yetu huila. Kwa mawe ya matumbawe ya huku mimi nachukua chuma. Mapezi ya kupoza oili yanapendeza dukani. Ukitoka Shimba Hills msimu wa masika yamejaa udongo. Angalia pia tundu la kujazia liko juu kiasi gani, na pima nafasi ya fimbo zinazoshikilia ekseli na ya ekzosi.

2. Kupaka
Hapa ndipo kava nyingi za Mombasa hufia. Chuma kibichi kina ngozi ya kijivu ya kiwandani: isugue yote kwa grainda na brashi ya waya, halafu msasa. Vunja ncha kali za kingo, maana rangi haishiki kwenye ncha na kutu huanzia hapo. Osha kwa sabuni na maji baridi (si ya kisima cha chumvi!), kausha, pangusa kwa thina, usiguse tena kwa mkono mtupu. Praima ya zinki iingie siku hiyohiyo. Ukiiacha ilale, asubuhi utakuta vumbi la rangi ya machungwa. Ziba kwa tepu uso wa kukutania na pale vichwa vya bolti vinapokaa: rangi nene chini ya bolti husinyaa, bolti ikalegea. Rangi ya juu iwe nyepesi, mara mbili au tatu. Nyeusi imezoeleka, ila kijivu hukuonyesha uvujaji mapema.

3. Kufunga
Fungua kizibo cha kujazia kwanza. Kikigoma baada ya kumwaga oili, gari halitoki hapo. Legeza bolti zote, ya juu uiache na nyuzi chache, kisha tenganisha kava kwa bisibisi. Kwangua silikoni ya zamani, paka mpya mstari mmoja usiokatika, ukipita upande wa ndani wa matundu. Kaza kwa msalaba, bolti moja kisha ya upande wa pili. Difu ya Dana 44, iliyomo kwenye Wrangler nyingi, ina bolti 10, kila moja hukazwa takriban Nm 40.

Maswali ya wanachama

Swali: Sheikh, yangu imekuja na rangi ya poda. Nipake tena?
Jibu: Hapana. Ila ikichubuka, kwangua pale na upake praima, kwa sababu kutu hutambaa chini ya poda bila kuonekana.

Swali: Nimefunga vizuri, bado inatoa jasho.
Jibu: Angalia bomba la kupumulia kwenye ekseli. Likiziba tope, joto husukuma oili itoke popote, hata kwenye sili za magurudumu.

Swali: Kava mpya ni kubwa, nijaze hadi wapi?
Jibu: Usifuate tundu lake kwa upofu. Kabla ya kutoa ya zamani, pima kiwango cha oili kutoka katikati ya ekseli, kisha ufikie hapohapo.