Somo: Kumpa mbwa mtindi na probiotiki bila kumvuruga tumbo

Mtindi si dawa ya kuharisha. Bakteria wanaougandisha, Lactobacillus bulgaricus na Streptococcus thermophilus, walichaguliwa kwa kuwa wanachachusha maziwa vizuri, si kwa kuwa makazi yao ni utumbo wa mbwa. Hupita tu, na ukiacha kumpa, baada ya siku chache hawapo. Kama nyongeza ndogo kwenye chakula cha mbwa mwenye afya, unafaa. Probiotiki ya unga ya mbwa, yaani vijidudu hai vya kusaidia utumbo, ni jambo jingine, tutaifikia.

Hatua ya 1: Soma lebo

Hapa ndipo makosa mengi yanapotokea, kwa hiyo usipite haraka. Unachotafuta ni maziwa na bakteria hai, basi. Mtindi uliopashwa moto baada ya kugandishwa bakteria wake wamekufa. Wenye sukari, vanila au matunda uache. Zabibu na chokoleti ni sumu kwa mbwa. Ulioandikwa "hauna sukari" ukague mara mbili, maana huenda umetiwa zailitoli, kiongeza utamu cha badala ya sukari, ambayo kwenye lebo huweza kuonekana kama E967. Gramu 0.1 kwa kila kilo ya uzito inatosha kushusha sukari ya damu ya mbwa. Yaani mbwa wa kilo 10 anadhurika kwa gramu 1 tu. Ikifika gramu 0.5 kwa kilo, ini nalo liko hatarini.

Mtindi mzito uliochujwa ni bora zaidi. Mbwa wengi wakishaachishwa kunyonya hupungukiwa na kimeng'enya cha kusaga laktosi, ile sukari ya maziwa. Bakteria hula sehemu yake mtindi unapoganda, na sehemu nyingine hutoka na maji yanayochujwa.

Hatua ya 2: Anza na kidogo

Siku ya kwanza, mbwa wa chini ya kilo 10 apate nusu kijiko cha chai. Wa kilo 10 hadi 25, kijiko kimoja cha chai. Mkubwa zaidi, viwili. Subiri saa 24. Hali ikiwa shwari, panda taratibu kwa wiki nzima hadi kijiko kimoja cha chai kwa mdogo, kimoja cha mezani kwa wa kati na viwili vya mezani kwa mkubwa. Kuzidisha hapo hakuna faida.

Changanya kwenye chakula kilichopoa. Kikiwa bado kinatoa mvuke, unawaua bakteria wale wale unaowataka. Asipomaliza ndani ya nusu saa, kiondoe.

Hatua ya 3: Kagua choo

Choo kizuri kimeshikana, kina mikunjo midogo juu yake, na ukikizoa hakiachi uchafu mwingi chini. Kikilainika kama uji mzito, kikipakaa utelezi kama kamasi, au mbwa akianza kujamba sana na tumbo kunguruma, laktosi imemshinda. Acha mtindi kabisa. Kupunguza kipimo na kujaribu tena kesho yake ni kumtesa bure.

Mbwa aliyewahi kuugua kongosho asipewe mtindi wenye mafuta bila idhini ya daktari wa mifugo.

Hatua ya 4: Unga wa probiotiki

Kama lengo ni kutuliza tumbo lililovurugika, unga ndio chaguo letu. Pakiti iwe ya mbwa, itaje aina ya bakteria kwa jina (Enterococcus faecium, kwa mfano, au Bifidobacterium animalis), na ieleze idadi ya bakteria hai watakaokuwepo hadi tarehe ya mwisho wa matumizi. Idadi ya siku ya kutengenezwa haikusaidii, kwa sababu wanakufa wakiwa rafuni. Fuata kipimo cha pakiti, nyunyiza wakati wa kula, na usiuhifadhi penye joto au unyevu.

Maswali ya wanachama

Swali: Shukrani kwa somo, mkuu. Wangu anaharisha tangu jana, nianze mtindi leo?

Jibu: Hapana ndugu, leo utamwongezea mzigo. Mpe maji safi muda wote. Inua mdomo wake, bonyeza ufizi kwa kidole kisha achia: doa jeupe lirudi kuwa la waridi ndani ya sekunde 2. Likichelewa, ufizi ukiwa mkavu wa kunata, choo kikiwa na damu, akitapika au akinyong'onyea, mpeleke kwa daktari wa mifugo sasa hivi. Mtoto wa mbwa asiye na chanjo usimsubirishe kabisa, huenda ni parvo, ugonjwa hatari wa virusi.

Swali: Amepewa antibiotiki, doksisaiklini. Naweza kumpa pamoja na mtindi?

Jibu: Usichanganye. Kalisi ya mtindi hunasa doksisaiklini, na enrofloksasini pia, dawa isiingie mwilini inavyotakiwa. Acha nafasi ya saa 2 au zaidi. Unga wa probiotiki nao uutenge hivyo hivyo, ila hapo sababu ni kwamba antibiotiki itawaua bakteria. Probiotiki ya Saccharomyces boulardii ni hamira, si bakteria, kwa hiyo antibiotiki haiigusi.

Swali: Mtoto wa wiki tano je?

Jibu: Bado mapema. Anahitaji maziwa ya mama na chakula cha kulikizwa. Akiharisha umri huo, fikiria minyoo kwanza na uulize dawa inayolingana na uzito wake.

Swali: Wakuu, amelamba kikopo cha mtindi chenye E967, ila anacheza vizuri tu. Nisubiri?

Jibu: Usisubiri. Sukari ya damu inaweza kuporomoka ndani ya nusu saa, au ikachelewa kwa saa kadhaa. Ondoka naye sasa, chukua kikopo ili daktari apige hesabu ya kiasi, na njiani angalia kutapika, kuyumba au kutetemeka. Usimnyweshe chumvi ili atapike, nayo ni sumu.