Namna ya Kuutambua Msimu Bora wa Besiboli Uliopitwa na Tuzo

Kwanza fahamu nani anayepiga kura na lini. Tuzo ya Mchezaji Mwenye Thamani Zaidi na ile ya Cy Young, inayotolewa kwa mrushaji bora, huamuliwa na waandishi wa habari wa Chama cha Waandishi wa Besiboli cha Marekani, wawili kutoka kila mji wenye timu katika ligi husika (ligi kuu ya Marekani ina mbili, Ligi ya Amerika na Ligi ya Taifa, na kila moja ina tuzo zake), na kura hukusanywa kabla ya mechi za mtoano kuanza. Kwa hiyo mafanikio ya mchezaji katika fainali hayana uzito wowote hapa, na usiyaingize katika hoja yako.

Baada ya hapo, tafuta jedwali kamili la pointi za kura, kwa sababu jina la mshindi peke yake halielezi mengi. Mwaka 1947 Ted Williams wa Boston Red Sox aliongoza Ligi ya Amerika kwa wastani wa kupiga, yaani sehemu ya majaribio yake ya kupiga yaliyomfikisha besini (0.343), kwa homurani, yaani mapigo yanayomwezesha mpigaji kuzunguka besi zote (32), na kwa mikimbio, yaani alama, aliyoiwezesha timu yake kupata (114), lakini Joe DiMaggio wa New York Yankees alimshinda katika kura za Mchezaji Mwenye Thamani Zaidi kwa pointi 202 dhidi ya 201. Tofauti ya pointi moja inaonyesha kwamba waandishi waligawanyika, jambo ambalo ni tofauti kabisa na kupuuzwa. Kwa maoni yangu, kesi ya mwaka 1942 ni nzito zaidi: Williams aliongoza tena katika mambo hayo matatu, kwa wastani wa 0.356 na homurani 36, ilhali tuzo ilimwendea Joe Gordon wa Yankees aliyekuwa na homurani 18.

Hatua inayohitaji uangalifu kuliko zote ni kutenganisha kazi ya mchezaji na kazi ya wenzake, na kwa warushaji ndipo makosa makubwa yalipofanyika. Kwa miaka mingi wapiga kura walihesabu ushindi aliouandikiwa mrushaji, ingawa ushindi huo hautokei bila wenzake kupata mikimbio, jambo ambalo yeye hana uwezo mkubwa nalo. Mwaka 1987 Nolan Ryan wa Houston Astros, akiwa na umri wa miaka 40, aliwaondoa wapigaji 270 kwa kuwakosesha mpira, idadi kubwa kuliko ya mrushaji yeyote katika Ligi ya Taifa, na pia aliongoza ligi hiyo kwa kuruhusu wastani wa mikimbio 2.76 tu kwa kila zamu 9. Hata hivyo aliandikiwa ushindi mara 8 na kushindwa mara 16, akamaliza wa tano katika kura za Cy Young, huku mshindi, Steve Bedrosian, akipata pointi 57 dhidi ya 55 za aliyemfuata. Sioni njia ya kuitetea kura hiyo. Mwaka 2010 Félix Hernández wa Seattle Mariners alipewa tuzo hiyo katika Ligi ya Amerika akiwa na ushindi 13 na kushindwa 12, kwa sababu wastani wake wa mikimbio aliyoruhusu ulikuwa 2.27, kwa hiyo ukitafuta warushaji waliosahaulika, anza na miaka iliyotangulia huo.

Mtendee haki mshindi pia. Mwaka 1941 Williams alifikisha wastani wa kupiga wa 0.406 na akakosa tuzo ya Mchezaji Mwenye Thamani Zaidi, lakini DiMaggio aliyeipata alikuwa amepiga mpira wa kufika besini kwa mafanikio katika mechi 56 mfululizo, na mtu mwenye busara angeweza kumchagua yeyote kati yao.

Kwa zoezi la kwanza, chukua mwaka 1934. Lou Gehrig wa Yankees aliongoza Ligi ya Amerika kwa wastani wa 0.363 na homurani 49, akamaliza wa tano katika kura. Mshindi alikuwa Mickey Cochrane, mdakaji (anayedaka mpira nyuma ya mpigaji) na meneja wa Detroit Tigers, aliyepiga homurani 2 lakini akaiongoza timu yake kutwaa ubingwa wa ligi mbele ya Yankees. Andika ni kiasi gani cha ubingwa huo kilitokana na kazi yake ya umeneja, kisha uamue kama tuzo ya mchezaji ilipaswa kukihesabu.